Nyota nne kwa fundi wa piano ya Mwalimu

Nampa nyota nne kati ya tano. Ningempa zote, lakini tuliagana Jumanne akaja Alhamisi, simu imezimwa siku mbili nzima, na mimi ruhusa ya kazini nilikuwa nimeomba ya Jumanne. Nalisema mapema nisije nikasahau, maana mengine karibu yote ni sifa.

Piano yenyewe si yangu. Ni ya Mwalimu, aliyetufundisha nyumbani kwake Tudor miaka na miaka, akatutoka Januari. Ujanani alipiga kwenye kumbi za Ulaya, kisha akarudi Mombasa, akasema vidole vyake vinapenda joto. Wakubwa walimjua kwa hizo kumbi. Sisi wanafunzi tulimjua kwa penseli. Alisimama nyuma yako nayo mkononi, ukikosea hasemi neno, anagonga tu ubavu wa piano, tak, nawe unarudi mwanzo wa mstari. Gredi ya Tano ya mitihani ya piano niliipita kwa kuiogopa penseli ile. Ada uliitia kwenye bahasha ukaiweka juu ya friji, na sikuwahi kumwona akiihesabu. Mwezi mmoja mamangu hakuwa na kitu akanipa samaki nimpelekee. Somo likaenda kama kawaida, ila tulimaliza mapema, kwa kuwa samaki hasubiri.

Mwezi wa Mei dadake Mwalimu, ambaye sote twamwita Shangazi, akanipigia. "Mwanangu, njoo uione hii piano. Naona imemfuata mwenyewe." Nikaenda. Vibao kama kumi ukivibonyeza vinalala chini, haviinuki tena. Vinavyoinuka vinalia kama bati. Na Disemba ilikuwa nzima, nilimsikia mwenyewe kwa masikio yangu akiipiga.

Mombasa ukiuliza fundi wa kinanda utaletewa kijana wa kutengeneza kibodi za kanisani. Hodari kwa kazi yake, lakini hii haina saketi ya kuchomelea. Huyu nilipewa namba yake na mwalimu mwingine wa muziki. Anakaa Nairobi, hushuka pwani mara mbili kwa mwaka kwa treni, na begi moja zito asilokubali kubebewa hata na mwenye tuktuk.

Alipofika hakugusa kibao hata kimoja. Alichuchumaa, akabandua ubao wa chini, pale kwenye pedali, akaingiza mkono, akatoka na balbu.

"Dada, nani ameweka hii?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Tangu tukiwa wadogo kulikuwa na mwanga mwekundu-mwekundu chini ya piano ya Mwalimu, usiku na mchana, na tuliambiana kuna mtu anaishi mle ndani. Kumbe ilikuwa balbu ya kizamani ya wati 25, ile ya uzi, ameitia kusudi ipashe hewa joto. Mji huu umezungukwa na bahari. Mbao zikinywa unyevu huvimba, felti, vile vitambaa vizito vya sufu vya ndani, hushikana, nyaya huota kutu. Baada ya mazishi mpwa wake, kijana mwenye nia njema kabisa, akaona balbu inakula stima bure, akaweka ya LED. Inawaka vizuri sana. Joto haina. Masika yakaingia, ikawa tena.

"Hii haijafa," fundi akamwambia Shangazi. "Imeshikwa na baridi."

Akaanza kuvichomoa vibao vilivyokwama, kimoja kimoja, na kuminya felti za matundu yake kwa koleo ndogo. Akanionyesha vile vyeupe kwa karibu: kila kimoja kina mstari mwembamba kama unywele unaokikata mapande mawili, mbele na nyuma. Ni pembe za ndovu, plastiki huwa kipande kimoja. Mwalimu hakupenda zifunikwe, akisema pembe ikikaa gizani hugeuka njano. Alikuwa pia na maneno yake kuhusu pembe: zilitoka bara kwa mabega ya watu mpaka pwani hii, zikapanda meli, zikaenda kuchongwa Marekani na Uingereza, kisha zikarudi kwetu na bei juu. Alikuwa akiyasema huku akikufutia jasho lako kwenye vibao.

Ubavuni mwa kibao cha mwisho kushoto, mahali usipoona mpaka ukichomoe, kulikuwa na tarehe kwa penseli za kila mara ilipotyuniwa, yaani iliposawazishwa sauti. Na chini ya moja, kwa mwandiko ninaoujua: "Fundi ameharakisha. Rudia." Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa kutyuni. Noti ya A hutakiwa kulia mitetemo 440 kwa sekunde. Hii ilikuwa imeshuka karibu nusu toni, yaani hatua ya kutoka kibao kimoja hadi jirani yake. Mimi nilitaka ipandishwe palepale. Fundi akakataa. Ndani kuna nyaya zaidi ya 200, zote pamoja zinavuta kwa uzito wa tani zaidi ya 15, na hizi zimekula chumvi. "Nikizivuta kwa siku moja zitakatika zote, kisha utanichukia." Akailinganisha noti kwa noti hapo hapo chini ilipo, akizibana nyaya za pembeni kwa vipande vya mpira ili asikie mmoja mmoja. Saa nne na nusu. Mmoja ulikatika hata hivyo, wa juu, na hakuwa na saizi yake, basi noti ile yalia kwa nyaya mbili badala ya tatu mpaka arudi. Hapo pia nilinuna kidogo.

Bei ilikuwa shilingi 12,000 na nauli ya tuktuk. Si rahisi. Lakini Jumamosi tulikusanyika wanafunzi wake kumi na mmoja sebuleni mle, mmoja na fidla yake, ambayo ilibidi aishushe nusu toni akilalamika, na mtoto wa mwisho aliyemfundisha, wa miaka tisa, akapiga ile prelyudi ya Bach ya C meja, vipimo 35, bila kukosea mpaka karibu na mwisho. Alipokosea alinyamaza, akageuka nyuma. Sote tukageuka.

Mkimwita, mthibitishieni siku mara mbili, na mzitafute balbu za uzi kabla hajafika, kwani yeye habebi. Mimi nilizunguka maduka ya stima Mwembe Tayari asubuhi nzima, kila mtu ananisukumia LED, mpaka mzee mmoja akazitoa chini ya kaunta zikiwa na vumbi. Nilinunua zote sita.