Morris Minor yangu ya kwanza, na fundi aliyenigeuzia betri

"Nani fundi hapa, miye au weye?"

Hilo ndilo jawabu nililopewa kwenye gereji moja ya umeme wa magari hapa Unguja mjini, mbele ya vijana watatu na muuza kahawa, kwa kosa la kusema kwamba Morris Minor, gari ndogo ya zamani ya Kiingereza, hushika bodi kwa chanya ya betri, si kwa hasi. Gereji siitaji. Wenyewe wakisoma watajijua. Nilikusudia kueleza gari hii ilivyo kwa mtu anayenunua gari ya zamani kwa mara ya kwanza, lakini kila nikianza, mkono unarudi kwa fundi yule. Nistahamilieni.

Ina nguvu za farasi ngapi na ilitoka kiwandani mwaka gani, hayo mtayapata popote. La kwanza kulijua ni hili: kwenye Morris Minor 1000, kama gari nyingi za Kiingereza za enzi zake, chanya ya betri hufungwa kwenye bodi, na waya unaokwenda kwenye stata, taa na koili ni wa hasi. Toyota na Suzuki zinazozunguka hapa mjini zote ni kinyume chake. Mnunuzi alijue hilo kabla hata ya kuuliza inakula petroli kiasi gani.

Betri ya zamani ilikuwa imekufa, nikanunua mpya nifungiwe hapo hapo. Sasa tazameni. Kichwa cha chanya cha betri ni kinene kuliko cha hasi. Kimefanywa hivyo makusudi, mtu asikosee. Klempu ya waya wa bodi wa Morris ni pana kwa sababu mahali pake ni kwenye chanya. Fundi alipoivalisha kwenye hasi, ikacheza. Akakata kipande cha bati akakipigilia kama kabari. Klempu ya pili ikagoma kuingia kwenye chanya. Akaitanua kwa bisibisi na nyundo. Betri inamwambia mara mbili kuwa anakosea, yeye anagonga tu. Nikamwambia, kwa adabu, "Fundi, bodi ya hii ni chanya, hata klempu zenyewe zinakataa." Ndipo likaja lile jawabu, na nyongeza yake: "Gari zote duniani hasi huenda bodi. Weye umesoma kwenye simu."

Akawasha. Na ikawaka!

Hapo ndipo penye mtego, na ndipo wengi watakapokwama. Stata ya gari hizi haina sumaku ya kudumu. Fildi yake (koili zilizotulia zinazofanya usumaku) na amecha yake (ile sehemu inayozunguka) vyote hupata umeme kutoka betri ile ile, kwa hiyo ukigeuza betri vyote viwili hugeuka pamoja, na stata inazunguka upande wake ule ule. Taa hazijali. Honi haijali. Pampu ya petroli ya SU ya aina ya zamani, yenye pointi tupu, inaendelea kugonga kama kawaida. Koili inatoa cheche, dhaifu kidogo, lakini injini ikiwa na moto huwezi kutambua. Fundi akafuta mikono: "Si hiyo? Lete hela." Vijana wakacheka. Nikalipa, nikanyamaza, na kunyamaza huko kunaniuma mpaka leo.

Asiyesahau ni dainamo, yule anayezungushwa na injini ili achaji betri. Vyuma vyake vya ndani huhifadhi usumaku kidogo wa upande aliozoea, na ndio unaomwanzishia kuzalisha umeme. Betri imegeuzwa, yeye hajageuzwa. Gari ikiwa sailensa, yaani injini inazunguka polepole bila kukanyaga mafuta, hakuna linalotokea, kwa sababu volti za dainamo ni chache na katauti, ile swichi inayojifunga yenyewe kumuunga dainamo na betri, imeachia, hivyo hao wawili hawajakutana. Ukikanyaga mafuta, volti zinapanda, katauti inafunga, na papo hapo betri na dainamo vinaungwa kama betri mbili zilizopangwa mfululizo, volti ishirini na zaidi zinazunguka kwenye waya ambao hauna kizuizi chochote. Pointi za katauti zinaungua na kugandana. Tena gari nzima ina fuzi mbili tu, za ampea 35, na hakuna hata moja inayolinda njia ya chaji.

Kwangu moshi ulitoka kabla ya mzunguko wa Michenzani. Nikazima swichi. Moshi ukazidi! Maana pointi zikishagandana, swichi ya ufunguo haina kauli tena: betri imeshaungwa moja kwa moja na dainamo, inajaribu kumzungusha kama mota, naye amezuiwa na mkanda wa feni. Kinachosaidia ni kuchomoa waya wa betri, basi. Na klempu yenyewe ilikuwa imepigiliwa kabari ya bati, haitoki kwa mkono. Dakika mbili zile sizitamani kwa adui. Kwa hiyo, mwenye gari ya namna hii aweke spana ya betri mahali anapoifikia akiwa amekaa kwenye usukani, au bora zaidi afunge swichi ya kukatia betri. Ni kitu rahisi, na boti zetu nyingi zenye injini ya ndani wanacho.

Niliporudi gereji niliambiwa waya za gari yangu "zimezeeka". Zimezeeka, kweli. Lakini mzee hajiwashi moto mwenyewe.

Msomaji atakayekutwa na haya afuate njia hii. Fungua kifuniko cha kisanduku cha katauti kilichoko ukutani mwa injini. Pointi zikiwa zimegandana, zitenganishe, lakini usijidanganye kwamba msasa utazirudisha. Zilizoungua hivyo zitaganda tena. Agiza kisanduku kipya Uingereza, bado vinatengenezwa, na ujiandae kungoja. Waya mnene unaotoka dainamo kuja kwenye kisanduku, ukiona mpira wake umelainika au umevimba, badilisha mzima. Usiufunge utepe.

Kisha umpime dainamo mwenyewe. Toa waya zote mbili mgongoni mwake, ule wa D unaotoa umeme na ule wa F wa fildi. Unganisha D na F kwa kipande kifupi cha waya, weka testa kati ya kiungo hicho na bodi, washa injini na upandishe mwendo taratibu, usiukimbize. Volti zikipanda haraka bila kuyumba, dainamo ni mzima; mara 1,000 kwa dakika zinamtosha, na usiziache volti zifike 20. Testa isiposoma kitu, tazama kaboni. Ikikwama nusu volti au moja, fildi koili imekufa. Ikikwama nne au tano, ni amecha. Sehemu ya shaba inayoguswa na kaboni isafishwe kwa msasa laini wa kioo, si ule mweusi wa chuma, maana vumbi lake hupitisha umeme. Na bushi ya nyuma ina tundu lake la mafuta: matone mawili matatu, usizidishe, yakifika kwenye kaboni umejitafutia kazi nyingine. Wa kwangu alipanda vizuri. Alhamdulillahi.

Mwisho unamfundisha upande. Betri ikiwa imeshafungwa upande utakaoutumia, na waya wa F ukiwa umetolewa kwenye dainamo, chukua waya mrefu kutoka kile kichwa cha betri kisichokwenda bodi, uguse F mara tatu nne, mguso wa kufumba na kufumbua. Cheche ndogo zitatoka. Basi. Usifanye hivyo waya wa F ukiwa bado umeungwa na kisanduku, utakiunguza tena.

Naona gari imeanza kuonekana mbovu. Siyo. Au tuseme, ubovu wake ni wa aina unayoweza kuuona kwa macho, na hiyo ni raha ambayo gari za kompyuta hazina. Nafasi ya pointi za distributa ni milimita 0.38, ya plagi 0.64, ya tapeti 0.30 injini ikiwa baridi. Fila moja, vile vibati vya kupimia nafasi, na bisibisi, asubuhi moja imekwisha. Kabureta ya SU inataka mafuta mepesi kidogo juu, kwenye ile silinda yake ndogo. Ikikauka gari inakohoa ukikanyaga ghafla, na fundi atakubadilishia plagi bila sababu. Rejeta usiitie maji ya kisima. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na chokaa huziba mirija. Kinga maji ya mvua wakati wa masika, weka madumu yako.

Spana ziwe za inchi. Hili nalisema kwa hasira kwa sababu fundi yule alikuwa na za milimita peke yake. Nati ya 9/16 spana ya 14 haiingii na ya 15 inacheza, inakula kona, na nati ikishakuwa duara inatolewa kwa patasi.

Cha kuogopa khasa si umeme. Ni kutu na ni trunioni. Chumvi ya hapa haina huruma, na gari iliyolala Malindi au Forodhani misimu ya kusi imekunywa bahari. Kabla ya kutoa pesa ingia chini na bisibisi uchome: pale springi za nyuma zinaposhika bodi kwa mbele, chini ya viti kwenye chuma cha kukingama kinachopokea jeki, na mihimili miwili ya chini kuelekea mbele. Bisibisi ikizama, ondoka. Chukua na sumaku, uipitishe kwenye bodi. Isiponata, hapo ni puti, si bati. Rangi inayong'aa ni ya kumpigia picha bibi harusi.

Trunioni ni kile kiungo cha chini kinachobeba gurudumu la mbele kwa uzi wa skrubu. Uzi ukilika, gurudumu hulala upande kama mguu uliovunjika, mara nyingi ukiwa unarudi nyuma huku umekata usukani wote, na ukibahatika ndivyo, maana kwenye mwendo ni balaa. Dawa yake ni grisi tu, kila kilomita 1,600 au kila mwezi kwa barabara zetu za shamba. Lakini unyanyue gari kwa jeki kwanza. Gurudumu likiwa limekanyaga chini, grisi haipiti upande wenye uzito, inatokea pembeni na wewe unadhani umemaliza. Gereji nyingi hupaka nje kwa kidole.

Na breki. Masta silinda iko chini ya sakafu ya dereva, ndani ya muhimili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu amejificha hasa: bolti zake hazitoki mpaka usogeze torisheni baa, ile fimbo ya chuma inayofanya kazi ya springi ya mbele. Ukishazitoa, zirudishe kwa kuelekeza vichwa upande wa pili, safari ijayo zitatoka bila kugusa baa. Tazama mafuta ya breki kila wiki. Kifuniko chake ni kile kidogo chini ya zulia, ambacho wenye gari wengi hawajapata kukifungua.

Sasa nirudi kwa yule bwana, maana nimejizuia vya kutosha. Nilipomaliza kupima dainamo nilikaa nikafikiri, na nilichokifikiri hakikunifurahisha. Kuibadilisha Morris iwe hasi kwenye bodi si haramu. Watu wanafanya, na inakubali. Inatakiwa kugeuza betri, kumfundisha dainamo kwa miguso ile mitatu minne, kubadilishana waya mbili ndogo za koili ili cheche isidhoofu, na kuhakikisha pampu ya petroli si ile ya baadaye yenye dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Dakika tano, kumi. Kwa hiyo alichofanya hakikuwa wazimu, kilikuwa nusu ya kazi. Angeniambia tu, "Ndugu yangu, hizi tunazigeuza, ngoja nimalizie dainamo," ningembusu mkono. Labda hakujua. Labda namwonea, kwani kijana wa leo atamwona wapi dainamo, naye kakulia kwenye altaneta, mrithi wa dainamo kwenye gari za sasa? Lakini kutojua si kosa. Kosa ni "nani fundi hapa".

Nyota kwa gereji: moja. Nilitaka kuandika sifuri. Nyota kwa gari: tano, nne mvua ikinyesha, maana waipa zake zinafuta kwa huruma.

Na niseme ukweli wote. Kisanduku kipya kilipofika, nilisimama mbele ya boneti nikiwa na betri mkononi, nikapima: fundi wa pili, wa tatu, kijana wa kuosha gari atakayeomba kuwashiwa kwa waya kutoka gari nyingine, wote hao watadhani hasi ni bodi. Nikaifunga hasi kwenye bodi. Vile vile alivyofunga yeye, ila na klempu mpya zinazokaa sawasawa, dainamo amefundishwa, koili imegeuzwa, na alama nyekundu ya rangi kwenye waya wa stata. Inachaji vizuri. Taa nyekundu ya chaji inazimika nikitoka tu sailensa.

Na betri ile ile aliyoniuzia, baada ya moshi wote ule, ingali nzima. Basi nyota moja na nusu.