Palm Springs kwa Wawili: Inalipa au Picha Tu?

Haya wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo sichambui simu wala blenda, leo nachambua safari, maana safari nayo ni bidhaa jamani, hela inatoka mfukoni na unataka kujua imekwenda wapi. Na hii mmeniomba sana, nyie mnaoishi huku Marekani na hata wale mnaokuja kutembea, mnataka kumtoa mwenza wako siku mbili tatu, nyie wawili tu, watoto wabaki kwa shangazi. Palm Springs. Ule mji wa jangwani California, kama masaa mawili kwa gari kutoka Los Angeles kama barabara imekaa vizuri, ule wa mabwawa ya bluu na mitende mirefu na nyumba za paa bapa ambazo mtandaoni kila mtu anapiga picha amevaa kofia kubwa. Mimi na mume wangu tumelala huko, tumelipa kwa hela yetu, hakuna hoteli iliyonipa hata taulo la bure, kwa hiyo nitasema nilivyoona.

Jibu fupi kwa wenye haraka: inalipa. Ila kuna vitu viwili vinaamua kila kitu, mwezi unaokwenda na hoteli unayolala, ukivikosea hivyo viwili hata mlo wa dola mia mbili hautakuokoa.

Tuanze na mwezi kwa sababu hapo ndipo watu wanapigwa. Ukiangalia bei Julai na Agosti utaona ofa tamu mpaka unajiuliza hawa wamechanganyikiwa au vipi, chumba kizuri kimeshuka bei vibaya sana. Sasa jiulize kwa nini. Wastani wa joto la mchana mwezi wa saba kule ni kama nyuzi 42, na tarehe 5 Julai 2024 walifika nyuzi 51.1, rekodi ya mji huo. Hiyo ni nyuzi za Selsiasi wadau, usifikiri ni zile Farenaiti za Wamarekani. Maji ya bwawa yenyewe yanakuwa ya uvuguvugu, lami inachoma kupitia kandambili, saa nne asubuhi mko ndani na kiyoyozi mnaangaliana, na kama mnaangaliana kwa mapenzi sawa sina neno, lakini hiyo hata nyumbani mngeweza.

Miezi ya raha ni kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka Aprili. Sasa na humo ndani kuna mitego. Februari kuna Modernism Week, wapenzi wa majengo wanajaa mji mzima. Aprili kuna lile tamasha la muziki la Coachella, halifanyiki Palm Springs penyewe, lipo Indio, lakini wikendi zake mbili zinapandisha bei za bonde zima la Coachella, ambamo Palm Springs nayo imo, halafu lile la muziki wa kantri la Stagecoach linafuata hapohapo. Krismasi na mwaka mpya usiguse. Mimi chaguo langu ni Novemba kabla ya Thanksgiving, ile sikukuu yao ya mwisho wa mwezi, au Januari katikati ya wiki. Narudia, katikati ya wiki, Jumatatu mpaka Alhamisi, chumba kilekile, kitanda kilekile, bei unaona tofauti kubwa kabisa na ya Ijumaa, na pale bwawani viti vipo, huamki saa kumi na mbili kwenda kuwekesha taulo. Kitu kimoja tu, Januari usiku kunakuwa na baridi, nyuzi 8 hivi au chini ya hapo, jangwa likishazama jua halina huruma, kwa hiyo beba koti na kabla ya kulipia piga simu uwaulize hivi: bwawa mnapasha moto? Usiulize kama kuna bwawa, mabwawa yapo kila mahali mji ule, uliza kama linapashwa.

Haya, hoteli. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hoteli ndiyo bidhaa yenyewe. Palm Springs sio mji wa kusema tutatupa mabegi chumbani tukazurure mpaka usiku. Mtaa mkuu ni Palm Canyon Drive, mnautembea wote, mmenywa kahawa, mmeangalia maduka ya fanicha za zamani za bei ya kutisha, basi, umeisha. Raha yake ni zile hoteli ndogondogo, nyingi ni za toka miaka ya 1930 mpaka 1950, ghorofa moja, vyumba vimezunguka bwawa, unafungua mlango hatua chache uko kwenye maji, mlima umesimama mbele yako mkubwa kabisa, na nyingi hawapokei watoto, wanataka wageni wa miaka 21 kwenda juu. Hiyo ndiyo unayolipia. Mtu akiniambia amekwenda Palm Springs akalala hoteli ya barabara kuu ili abane matumizi halafu anasema mji haukuwa na kitu, namwelewa, kitu chenyewe hakukinunua.

Kwa mfano kuna Korakia, jengo lake la mwanzo lilijengwa mwaka 1924 na mchoraji Mskoti aliyekuwa ameishi Tangier kule Morocco, kwa hiyo limekaa Kimoroko, milango ya matao, kuta nyeupe, ua ndani, kimya. Hiyo kama mnataka kuongea wenyewe kwa wenyewe. Kuna Parker, ile imepambwa na mbunifu Jonathan Adler, rangi, vitu vya ajabuajabu, bustani kubwa za kupotelea, bei imesimama huko juu, kama ni maadhimisho ya ndoa na mmejipanga sawa. Kuna Ace, hiyo zamani ilikuwa moteli ya kawaida wakaigeuza, vijana wengi, bwawani muziki, kama mwenza wako anapenda kuchangamka mtafurahi, kama anapenda kulala mchana mtagombana. Mimi nimesema hivyo.

Halafu jamani someni maelezo ya hoteli yote mpaka chini kabla hamjalipa, maana mji ule una hoteli ambazo kuvaa nguo ni hiari, na nyingine zinapokea wanaume peke yao, wameandika wazi kabisa kwenye tovuti zao, sasa usije ukafika na mama watoto na sanduku lako halafu uje kunilaumu mimi hapa.

Hoteli moja tuliyolala, siitaji jina, chumba kizuri, shuka safi, kila kitu safi, ila ukuta wa kichwani kwetu upande wa pili ndipo ilipo mota ya bwawa. Saa nane usiku inawaka. Nguuu. Inazima. Unapata usingizi, nguuu. Mapokezi wakawa wapole sana lakini hoteli imejaa, hakuna chumba cha kuhamia. Kwa hiyo mkibuki hizi hoteli ndogo, andikeni kabisa kwenye lile sanduku la maombi: chumba kisiwe jirani na mota ya bwawa, kisitazame barabara. Ni mstari mmoja tu, na hao wenye hoteli ndogo huwa wanausoma kweli.

Kuhusu ada. Zamani ulikuwa unaona bei nzuri, ukifika kwenye kulipa wanaongeza ada ya risoti, unashtuka. Toka tarehe 1 Julai 2024 sheria ya California inataka bei inayotangazwa iwe na ada zote za lazima humohumo ndani. Kinachobaki kuongezwa ni kodi za serikali, na kodi ya mji kwa wageni wa hoteli inapita asilimia 10, kwa hiyo piga hesabu nayo mapema. Maegesho ulizia, maana kama si ya lazima yanaweza yasiwe ndani ya ile bei.

Nyumba za Airbnb zipo, nzuri sana nyingine, lakini kwa watu wawili mimi sioni sababu, na mji una masharti makali ya kelele, muziki wa nje ukisikika nje ya mpaka wa kiwanja ni kosa hata mchana. Hizo ni za kundi la marafiki. Tupite.

Sasa mtafanya nini mkitoka kwenye maji. Kama ni kitu kimoja tu, chukua Palm Springs Aerial Tramway, lile behewa la kwenye nyaya, lilifunguliwa mwaka 1963. Mnaanzia chini kama mita 800 kutoka usawa wa bahari mnashukia mita 2,596, dakika kama kumi tu. Behewa ni la mviringo, linaingiza watu mpaka 80, na sakafu yake inazunguka polepole, kwa hiyo usigombanie dirisha, tulia tu, dirisha la upande mzuri litakufikia lenyewe. Mwamba unapita karibu mpaka unaona nyufa zake na vimti vilivyojishikiza humo, halafu mkipita kwenye mnara behewa linaning'inia, linayumba mbele nyuma, na behewa zima, wazee, watoto, majibaba yenye ndevu, wote kwa pamoja woooo. Mume wangu alinishika mkono hajanishika vile toka siku ya harusi, na sio mapenzi, ni woga. Kule juu ni mipaini, na joto linapungua nyuzi 17 mpaka 22 ukilinganisha na chini, majira ya baridi kuna theluji kabisa, wakati chini watu wako na nguo za kuogelea. Tiketi inazidi dola 30 kwa mtu mzima, na inastahili. Ila Septemba huwa wanafunga kwa matengenezo, hivyo angalieni tarehe kwanza.

Cha pili ni Indian Canyons. Haya ni makorongo ya wenyeji wenyewe, Agua Caliente Band of Cahuilla Indians, ardhi yao, wanaisimamia wao, kiingilio unawalipa wao. Na hii ishu ya ardhi inafurahisha kidogo, ukiangalia ramani ya Palm Springs ardhi ya kabila imekaa kama ubao wa drafti, kiraka chao, kiraka si chao, kwa sababu karne ya 19 serikali iliwapa kampuni ya reli vipande vya namba witiri na wenyeji wakatengewa vya namba shufwa. Kwa hiyo hata humo mjini katikati kuna majengo yamesimama juu ya ardhi ya kupangishwa na kabila. Nendeni Andreas Canyon, asubuhi. Kuna kijito kinapita, na mitende ile ya asili ya kule haiangushi makuti yake, yakikauka yanabaki yananing'inia kwenye shina kutoka juu mpaka karibu na ardhi, tabaka juu ya tabaka, mti unakuwa mnene kama umevaa koti la manyoya, na upepo ukipita ndani yake unasikia kama mtu anatembea. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Julai wanafungua kila siku, kiangazi ni Ijumaa mpaka Jumapili tu. Kabila hilohilo lina spa ya maji ya moto ya chemchemi mjini, Spa at Séc-he, imefunguliwa 2023, sio bei ya mchezo lakini kama hoteli yenu haina spa basi hiyo ndiyo.

Jioni zungukeni na gari mtazame nyumba, bure. Kaufmann House ya mwaka 1946 iliyochorwa na msanifu majengo Richard Neutra, nyumba ya mwimbaji Frank Sinatra ya 1947 ambayo bwawa lake lina umbo la piano, na ile ambayo Elvis na Priscilla walikwenda kula fungate 1967 baada ya kufunga ndoa Las Vegas. Ni nyumba za watu hizo, mnaangalia toka barabarani, msipande ukuta kwa ajili ya picha. Hata kituo cha wageni cha mji kilikuwa kituo cha mafuta, cha 1965, msanifu Albert Frey alikichora, paa lake limenyanyuka kama linataka kuruka.

Chakula sitaki kudanganya, migahawa ni mizuri ila bei ya kitalii, na sehemu nyingi nilizokula unalipia zaidi mwanga wa mishumaa. Kitu kimoja tu msikikose, maziwa ya tende, yale wanayosaga tende na aiskrimu. Bonde lile la Coachella linatoa tende nyingi sana za Marekani, na miche ya Medjool, zile tende kubwa laini, ililetwa nchini humo kutoka Morocco mwaka 1927. Hayo maziwa ni matamu kupita kiasi, chukueni glasi moja mgawane. Shields Date Garden kule Indio wapo toka 1924.

Joshua Tree National Park ni chini ya saa moja kwa gari, dola 30 kwa gari zima, siku saba. Kama mna usiku mbili tu mimi ningeiacha, serious kabisa, maana inakula siku nzima na nyie mmelipia bwawa. Kama mna usiku tatu, nendeni, jazeni tenki, bebeni maji ya kutosha na mpakue ramani kabisa kabla, maana ukishaingia mbugani mtandao wa simu sahau.

Gari. Mkija kwa ndege uwanja wa PSP upo karibu kabisa na mji, dakika chache, na mkilala karibu na Palm Canyon Drive mnaweza kutumia Uber siku zote, mkakodi gari kwa siku ile moja ya kutoka. Mkitoka Los Angeles na gari lenu, Ijumaa mchana msiingie I-10, ile barabara kuu ya kwenda huko, hapo masaa mawili yanageuka manne, na Jumapili jioni kurudi hivyohivyo. Ukivuka pale San Gorgonio Pass, upenyo wa katikati ya milima, penye mitambo ya upepo shika usukani vizuri, upepo wake unasukuma gari kabisa. Sisi tulitoka Alhamisi asubuhi baada ya chai, barabara nyeupe, na mume wangu kaamua tusimame Cabazon kwenye yale maduka ya punguzo, sasa bajeti ya hapo msiniulize, ile itakuja kwenye video yake.