Huduma ya Red Cross ya kutafuta ndugu: nimeitumia, haya ndiyo maoni yangu

Nina kibanda cha ushonaji Kayole, Nairobi, na wateja wangu wengi ni Wakongo wenzangu. Haipiti wiki bila mtu kuniuliza, huku nikimpima kiuno, kama ile huduma ya Red Cross ya kutafuta waliopoteana vitani ni ya kweli au ni maneno tu. Ni ya kweli. Tena ni bure, bure isiyo na hela ya fomu wala hela ya chai. Ila haina haraka, na ukienda ukidhani watabonyeza kompyuta jina la kaka yako litokee, utarudi nyumbani umenuna.

Mimi nilikuwa namtafuta mama mdogo na watoto wake. Februari 2025, mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, watu wa bonde la Ruzizi walianza kukimbia, kuanzia Kamanyola na Luvungi kushuka hadi Uvira. Wengine walivuka mto kuingia Burundi na nguo walizovaa tu. Simu ya mama mdogo ilizimika siku hizo hizo. Kwenye magrupu ya WhatsApp kulikuwa na kila aina ya habari, na kulikuwa pia na madalali. Mmoja alisema yuko mpakani, ana orodha zote za wakimbizi, nimtumie pesa kidogo aniangalizie. Nilimuuliza mama mdogo ana alama gani usoni. Akaniambia mtandao unasumbua. Jirani yangu wa plot alimtumia, na mpaka leo anasubiri hiyo orodha.

Basi nikaenda makao makuu ya Kenya Red Cross, South C. Ukiingia getini sema unataka watu wa kutafuta familia, vinginevyo utapelekwa kwa wa damu au wa huduma ya kwanza.

Kilichonifanya niwaamini ni maswali. Nilidhani wataandika jina na kunipa risiti. Dada aliyenihudumia aliandika jina, ndiyo, kisha akaliweka pembeni. "Mama, majirani wanamwitaje?" Wanamwita Mama Furaha. Baba yake ni nani? Bibi mzaa baba je? Anasali kanisa gani? Alikuwa anauza nini, soko gani? Chifu wa kijiji chao ni nani? Alikimbia na nani, na nani alimwona mara ya mwisho, wapi? Nilijibu mpaka nikaanza kukumbuka vitu ambavyo sikujua navijua, kama vile jina la mama aliyekuwa anapanga naye meza ya dagaa.

Na jina lenyewe tulilishughulikia. Mama mdogo ni Cibalonza. Mkenya akilisikia ataandika Chibalonza. Karani aliyechoka, mwenye foleni ya watu mia mbele yake, ataandika atakachosikia. Yule dada aliandika namna zote tulizoweza kufikiria, pamoja na majina ya watoto, ingawa akina Furaha na Bahati huko kwetu ni wengi kuliko maembe. Kwa hiyo kabla hujaenda, kaa na wazee wa familia kwanza. Jina la kadi peke yake halitoshi.

Kuna jambo moja linalowaudhi wengi. Mtu unayemtafuta akipatikana, ataulizwa kwanza kama anataka ujue aliko. Akikataa, hutaambiwa. Mteja wangu mmoja mwanaume aliniambia huo ni upuuzi, mke ni wake. Mimi nimewashonea wanawake waliokimbia vita na kuwakimbia waume zao siku moja, na sheria hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Hata wewe unayetafuta unaulizwa: habari zako zipelekwe wapi, jina lako liwekwe hadharani au lisiwekwe? Kwa wenye ndugu waliopita njia ya Ulaya kuna ukurasa wa picha mtandaoni, unaitwa Trace the Face, na picha inayowekwa ni ya anayetafuta, si ya aliyepotea. Chini inaandikwa tu kwamba anamtafuta kaka, au mama. Majirani zetu Wasomali wao walizoea redio: Idhaa ya Kisomali ya BBC ilikuwa ikisoma majina ya wanaotafutwa.

Baada ya hapo, unangoja. Faili langu lilitoka Nairobi likaenda kwa Red Cross ya Burundi, kwa watu wa kujitolea wanaotembea na majina kambini wakiulizia mmoja mmoja. Waliovuka upande wa Cibitoke walijazana kwanza kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wengi wakahamishiwa kambi ya Musenyi, eneo la Rutana. Kwa hiyo hata ukijua mtu alivuka wapi, huenda hayupo tena pale. Ilichukua miezi. Wenyewe walinieleza tangu siku ya kwanza kwamba inaweza kuchukua miezi, na inaweza isizae kitu, na hilo niliona ni heshima, maana dalali hasemi hivyo kamwe.

Jibu lilikuja kwenye karatasi. Wanaita ujumbe wa Red Cross: barua ya wazi, haina bahasha ya kufungwa, na ni habari za familia tu. Siasa hairuhusiwi, wala kusema wanajeshi wako wapi, na inasomwa kabla haijafika kwako. Aliyeandika ni Furaha, mtoto wa mama mdogo; mimi ananiita yaya, kwetu ni dada mkubwa. Kalamu ilikuwa imekandamizwa mpaka unaweza kusoma kwa kidole upande wa nyuma. "Yaya, sisi tuko Musenyi. Mama ana homa lakini anatembea. Bahati hatujamwona tangu mtoni. Tuma namba yako." Siku chache baadaye tuliongea kwa simu. Mama mdogo alinisalimia, akauliza watoto, akauliza kodi ya Nairobi, ndipo akalia.

Wengine wanalalamika kwamba wamepata ndugu lakini Red Cross haijawaletea. Hapo tuelewane. Kazi yao ni kutafuta na kuunganisha. Mtoto aliye peke yake wanaweza kumrudisha kwa wazazi wake, familia zikikubali na njia ikiwa salama. Mtu mzima kwa kawaida anajitafutia nauli na vibali. Ukitaka kuhamishwa nchi, hiyo ni milango mingine. Na hawakuianza kazi hii juzi: huko Geneva bado zimehifadhiwa kadi za Vita vya Kwanza vya Dunia, mamilioni, za wafungwa wa vita na watu waliotafutwa.

Nyota ngapi? Tano kwa maswali na kwa kunyamaza kuhusu siri za watu. Kwa kasi siwapi nyota yoyote, wala siwanyimi. Kasi hiyo ni ya barabara na ya vita.

Faili la Bahati liko wazi. Ana miaka kumi na mmoja, ana kovu la maji moto mkono wa kushoto, na ukimwita kwa jina haitiki mpaka umwite Baha. Yote hayo yameandikwa. Wewe ukifungua faili lako kisha ukabadilisha laini ya simu, rudi South C uwape namba mpya siku hiyo hiyo, na kama umehama, waambie nyumba mpya iko wapi.