Hatua tano za kupanga mifumo ya taasisi ya umma: miezi 14 na CPM

Mbinu ninayoipima hapa ni CPM (Collaborative Planning Methodology), yaani upangaji shirikishi, iliyomo kwenye toleo la pili la mwongozo wa usanifu wa taasisi (kupanga kwa pamoja shughuli, taarifa na mifumo yake) wa serikali kuu ya Marekani, la Januari 2013. Ni hatua tano tu: tambua hitaji na ulithibitishe, tafiti walichokwisha kufanya wengine, sanifu na upange, wekeza na utekeleze, kisha pima. Nimeitumia kwa miezi 14 kwenye kitengo kimoja cha leseni katika taasisi ninayofanyia kazi.

Hatua ya kwanza ndiyo iliyonifanya niiamini. Hairuhusu mtu kuanza na jina la programu. Mkuu wa kitengo alituletea ombi la sentensi moja: tununuliwe mfumo mpya wa leseni. Tulikaa naye, tukawaita wa masijala na wa dirishani, tukafuata faili moja tangu linapopokelewa mpaka leseni inapotoka. Siku 22. Kati ya hizo, siku 13 faili lilikuwa limelala mezani likisubiri sahihi ya pili ambayo hakuna kanuni inayoidai. Mfumo uliokuwepo haukuwa na kosa. Hitaji likaandikwa upya: mwombaji ajibiwe ndani ya siku 5. Mama mmoja wa masijala, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyeijua habari ya ile sahihi, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Hatua ya pili wengi huiruka, na wanakosea sana. Kabla ya kuchora chochote, unatakiwa uulize nani ameshapita njia hiyo. Tukakuta idara jirani ina huduma ya kuhakiki anwani iliyo tayari kutumika. Sisi tulikuwa na mifumo 3, kila mmoja unatunza anwani ya mwombaji yuleyule kivyake, na mara nyingi hazilingani. Barua kwa idara ile na wiki 6 za kuunganisha zilitosha, zabuni haikuhitajika.

Kwenye hatua ya tatu ndipo mwongozo unapungukiwa. Unakutajia maeneo sita ya usanifu (mkakati, shughuli, taarifa, programu, miundombinu na usalama), lakini mtu mgeni hatajua jedwali la kwanza alichore vipi. Mimi nilirudi kwenye mbinu iliyoitangulia, FSAM ya 2008 ya serikali hiyohiyo, ambayo ina violezo vya kujaza, na nikaazima utaratibu wa mbinu ya zamani zaidi inayochorwa kama keki ya harusi: taarifa kwanza, programu baadaye, mitambo mwisho. Anayeichukua CPM peke yake bila kitu cha kuegemea atapoteza miezi hapa.

Hatua ya nne ni fedha na utekelezaji. Mwongozo unasema wazi kwamba hapa mpangaji anakuwa msaidizi, wengine wanaongoza. Ni kweli, na ndipo tulipoumia. Tulimaliza ramani yetu ya utekelezaji wiki 3 baada ya dirisha la bajeti kufungwa, na mambo mawili makubwa yakasogezwa mwaka mzima. Ningekuwa naanza leo, ningechukua kalenda ya bajeti kwanza na kuhesabu kurudi nyuma mpaka siku ya kikao cha kwanza. Mwongozo ungepaswa kulipigia mstari jambo hili.

Kupima ni rahisi kama hatua ya kwanza iliandikwa vizuri, maana unarudi kwenye sentensi ileile. Yetu inasema siku 5.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Naipendekeza kwa mpangaji mwenye mlezi ngazi ya juu, mtu anayeweza kuita wakurugenzi wawili kwenye meza moja nao wakaja. Kama huna mtu huyo, mtafute kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, na uchukue kitengo kimoja tu, si taasisi nzima.

Leseni yetu sasa inatoka kwa siku 11. Sahihi ya pili bado haijafutwa. Waraka wa kuiondoa uko kwa mwanasheria, na mzunguko wetu wa pili tunauanzia hapo.