Fundi wa chenso Mafinga: mkono safi, ahadi mbovu

Kama una chenso (msumeno wa mnyororo) Stihl MS 381 ya mtumba inayokata pumzi ikigusa gogo, mpelekee huyu fundi wa kibanda cha mabati pale Mafinga. Hakimbilii kabureta kama wengi. Anafungua egzosi kwanza, anamulika kwa tochi ya simu kupitia tundu la moshi. Pistoni ikiwa na michirizi ya wima, yaani imekwaruzika, anakwambia ukweli kabla hujatoa hela. Yangu ilikuwa nzima. Kumbe mpira wa petroli umepasuka, unavuta hewa. Kaubadilisha, kisha kaelekeza ncha ya baa, ule upanga unaobeba mnyororo, kwenye boksi jeupe, akapiga resi mpaka mstari wa oili ukajichora, dalili kwamba mnyororo unapata oili. Hapo nikamvulia kofia.

Ubaya ni ahadi. "Njoo kesho asubuhi" yake ni ile kesho ya mafundi. Na pale benchini wakataji wa shamba la miti la Sao Hill hawaishi kubishana, chenso za Stihl na za Husqvarna kama Simba na Yanga, kazi inalala. Ringi za pistoni za bei chee anazo; usizikubali, nenda na zako. Kwenye mchanganyiko wa mafuta hana masihara: mililita 20 za oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) kwa lita moja ya petroli, ukibisha anakurudishia mashine yako.