Sola ikizidi mchana: nunua tangi la maji moto kabla ya betri nyingine

Nyumba yenye paneli za kutosha, iwe Njiro ya Arusha au Shanty Town ya Moshi, betri zake zikishajaa, invata (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi ya nyumbani) hupunguza umeme wa paneli kwa sababu hauna pa kwenda. Jioni familia inataka kuoga, shawa ya umeme inavuta kilowati 4 au 5, na ni saa hiyohiyo mtaa mzima unapika na kuwasha taa. Maji yaliyopashwa mchana yangeipunguzia gridi mzigo huo.

Namba moja kwangu ni hita ya tangi, lita 100, yenye elementi (chuma cha ndani kinachopasha maji) ya kilowati 1.5. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunakula takribani yuniti 4.7, yaani ukiwasha saa tano asubuhi, saa nane na nusu kazi imekwisha. Ukichanganya na ya baridi unapata karibu lita 200 za nyuzi 40. Muuzaji atakusifia elementi ya kilowati 3, iache. Wingu dogo tu likipita, inaanza kunyonya betri au Tanesco. Kuiwasha, taima inatosha, ila haijui kama leo ni Julai na Arusha haijaona jua. Soma kitabu cha invata: nyingi za haibridi, yaani zinazounganisha paneli, betri na gridi, zinaweza kuwasha mzigo betri zikifika kiwango ulichopanga. Hiyo inaishinda taima.

Namba mbili, kidhibiti kinachopeleka kwenye elementi umeme wa ziada pekee. Kifaa kizuri, lakini vingi hupima umeme unaotoka nyumbani kwenda gridi. Kama invata yako hairuhusu umeme kutoka, hakitaona ziada yoyote. Muulize fundi hilo kabla ya bei.

Tatu ni hita ya pampu ya joto, inayovuta joto la hewa na kulipeleka kwenye maji: hutumia takribani theluthi moja ya umeme wa hita ya kawaida, na joto la Moshi linaifaa kuliko baridi ya Arusha. Bei yake ndiyo inayoishusha, pamoja na shida ya kupata fundi.

Sola ya maji ya juu ya paa naiweka ya nne, kwa wasio na paneli za umeme. Shawa ya papo hapo ni ya mwisho, haihifadhi chochote.

Dukani kagua unene wa kihami joto, valvu ya kutoa presha na fimbo ya magnesi ya kuzuia kutu. Fundi akitaka kuunga paneli moja kwa moja kwenye hita ya kawaida, mkatalie: thamostati yake (swichi inayozima hita maji yakishapata moto) haikuundwa kukata umeme wa DC unaotoka kwenye paneli, inaweza kuungua.