Tahadhari: swichi za joto za "nyuzi 45" zilizofutwa maandishi

Assalaam alaykum mafundi wa Unguja na Pemba. Kuna muuzaji anazungusha tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp: swichi za joto za feni, nyuzi 45, mpya, shilingi 6,000 moja. Mie nimenunua nne. Msinunue.

Niko Wete. Nilikuwa naunda amplifaya ya maharusi na maulidi, boksi nimelipiga mwenyewe, ndani hitisinki (chuma cha kupoozea joto) kubwa ya alumini na nyuma yake feni mbili za volti 12. Sikutaka feni zizunguke muda wote, maana kwenye maulidi msomaji akivuta pumzi kinachosikika ni feni. Ndo nikatafuta swichi, kile kiduara kidogo chenye miguu miwili ya waya, mafundi wanaijua kwa jina la KSD301. Kuifunga si kazi. Waya chanya wa feni unaukata, ncha moja mguu huu, ncha ya pili mguu ule, hasi unaiacha kama ilivyo. Kiduara unakibana kwenye hitisinki. Ndani mna kisahani cha metali mbili zilizoshikana, kikifikia joto lake kinapinda ghafla, unasikia "tik".

Lakini ziko aina mbili, na kwa macho ni pacha. NO hukaa imeachia, umeme haupiti, ikipata joto inashika: hiyo ndiyo ya feni. NC hukaa imeshika, ikipata joto inaachia: hiyo utaikuta kwenye vyombo vya kuchemshia maji, inakata umeme kabla chombo hakijaungua. Nilimwambia muuzaji kwa sauti kabisa, nataka NO. Akajibu, "Hiyo hiyo sheikh, tuma pesa." Nikatuma kwa simu, mzigo ukaja na boti.

Nilipowasha mara ya kwanza feni zilizunguka papo hapo, na hitisinki bado baridi. Hapo ningeshtuka. Badala yake nilifurahi, nikajiona fundi. Harusini, shughuli imeshakolea, feni zikanyamaza. Haukupita muda sauti ikaanza kukwaruza, kisha kimya. Transista nne za kutolea sauti zote zimekufa, na mwenye harusi ananitazama.

Kumpigia muuzaji, ananambia, "Umefunga kinyume, geuza waya." Yakhe! Swichi hiyo haina chanya wala hasi, ugeuze mara mia ni ile ile. Hapo ndipo nilipojua kuwa nimeliwa.

Nikazipima zote. Maji kwenye sufuria, kipimajoto, swichi ndani ya kimfuko cha plastiki (na mifuko yenyewe kwetu marufuku, nilitafuta mpaka nikachoka), mita kwenye mlio, inalia swichi ikiwa imeshika. Tatu zinalia zikiwa baridi, zinaachia karibu na nyuzi 70. Ya nne imeganda, inalia hata maji yakichemka. Nikapitisha kitambaa chenye petroli: "45 NO" ikafutika yote, chini yake alama za msasa. Miguuni mna risasi ya kuungia waya ya zamani. Kwangu mimi hivi ni vitu vilivyong'olewa kwenye vyombo vibovu. Nilipompelekea picha akanibloku.

Ukienda kununua popote, nenda na mita. Swichi ikiwa baridi mita isilie. Kisha omba kikombe cha chai ya moto, egemeza uso wa kiduara kwenye kikombe: ya 45 itafanya "tik" na mita italia. Mwenye duka akikataa kupimiwa, rudi na pesa yako. Na kwa joto letu mie sasa natafuta ya 50, maana swichi hizi haziachii palepale ziliposhika, husubiri joto lishuke nyuzi kumi au zaidi. Ya 45 inaweza kungoja mpaka 30, na Januari huku 30 utaipata wapi mchana?

Kwa sasa feni nimeziunga moja kwa moja, zinavuma tu.

Jana usiku mwenzangu wa Chake kanipelekea tangazo la jamaa yule yule. Picha haijabadilika, ila sasa zimeandikwa 50.